Nchi Kwanza, Mnyama Atakuja: Hotuba kwa Wahitimu wa Uongozaji Watalii, Arusha

Mheshimiwa mgeni rasmi, wakufunzi, wazazi na walezi mliotoka Karatu, Babati, Same, Rombo na kwingineko, na ninyi wahitimu wetu mliopendeza na majoho yenu: wakubwa zangu shikamooni, na vijana hamjambo.

Nimeombwa nizungumze kuhusu uzuri wa hifadhi zetu za kaskazini. Wengi hapa mnanijua kwa usukani, wengine kwa fimbo ya mlimani, kwa hiyo mtanivumilia nikisema kama mtu wa porini. Nina jambo moja tu la kuwaambia, na nitalirudia kwa mifano hadi muda wangu uishe. Mwongozeni mgeni aione nchi kwanza. Mnyama atakuja.

Nasema hivyo kwa sababu najua kinachowasubiri kazini. Mgeni anashuka uwanja wa ndege wa KIA akiwa na orodha kichwani: simba, tembo, nyati, faru, chui. Asubuhi gari linaingia hifadhini, na kabla paa halijainuliwa vizuri redio koli inaita: chui yuko Seronera, katikati ya Serengeti, juu ya mti, mkono wa kushoto ukishavuka mto. Dereva anakanyaga mafuta. Muda si muda magari yamebanana chini ya mti mmoja, injini zinaunguruma, vumbi limetanda, na chui wa watu kanyamaza juu kule, mkia unaning'inia. Wageni wanapiga picha, gari linageuzwa, wanakimbilia mwingine. Jioni ukimuuliza mgeni leo amepita wapi, hajui. Mto Seronera hakuuona. Ile migunga yenye magome ya njano iliyojipanga ukingoni mwa mto, ambayo ndiyo inayomfanya chui akae pale, hakuiona. Mtu kalipa nauli kutoka upande wa pili wa dunia, na macho yake yameishia kwenye madoa ya ngozi. Hilo linaniuma, na ninaomba liwaume na ninyi.

Tuanze na hapa hapa nyumbani. Asubuhi isiyo na mawingu, ukiwa popote katika mji huu, Meru uko juu ya kichwa chako, mita 4,562. Watu wa mjini tunauona kila siku na tunadhani tumeujua. Lakini sisi tunaona mgongo wake. Uso wa mlima umeelekea mashariki, na ili uuone lazima uende Usa River, ukunje kushoto, uingie Hifadhi ya Taifa Arusha kupitia geti la Ngongongare. Ukifika upande ule ndipo unapojua kwamba huu si mlima mzima. Upande wake wa mashariki uliporomoka wote. Miaka elfu kadhaa iliyopita ubavu mzima wa volkano uliachia, ukashuka kama matope, mawe makubwa na madogo, hadi mbali kule chini. Kilichobaki juu ni ukuta wa mwamba wenye urefu wa karibu mita 1,500, na katikati ya lile shimo kikajijenga kilima cha majivu, cheusi, chenye umbo la pia iliyopinduliwa. Mwongozaji akimfikisha mgeni mahali ukuta ule unapoonekana wote, hana haja ya kusema neno kwa dakika tano za kwanza. Amwache.

Na yale matope yaliyoshuka yalikwenda wapi? Hapo ndipo utamu ulipo. Yalitandaza nchi ya vilima na mabonde madogo madogo, na maji yakajaa mabondeni. Hayo ndiyo maziwa ya Momella. Kwa hiyo heroe, yaani flamingo, mnaowaona wamesimama kwa mguu mmoja, wekundu wao unametameta majini, wamesimama juu ya kifusi cha Meru. Ukishamweleza mgeni hivyo, akainua macho kutoka ziwani kwenda mlimani na kuurudisha moyo wake ziwani, umempa kitu ambacho hakimo kwenye orodha yake.

Niliwahi kupeleka pale kundi la wanafunzi wa shule moja ya hapa mjini. Watoto waliozaliwa chini ya mlima huu, na karibu wote ilikuwa mara yao ya kwanza kuvuka lile geti. Tukapita ziwa moja, tukapita la pili. Binti mmoja, mdogo kuliko wenzake, akauliza: "Babu, mbona hili ni la kijani na lile ni la buluu, na yote yako hapa hapa?" Niliwapeleka watu wazima wengi Momella, wenye kamera zenye lenzi ndefu kama mkono, na wachache sana waliwahi kuuliza hivyo. Nikamwambia: maziwa haya hupata maji yake zaidi kutoka chini ya ardhi, na maji hayo yana magadi. Magadi ya ziwa moja hayalingani na ya jingine. Mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho huchagua maji inayoyapenda, na kila mmea una rangi yake. Heroe nao wanafuata chakula hicho, ndiyo maana leo utawakuta huku na mwezi ujao kule. Akasema: "Kwa hiyo ndege wanajua maji kabla yetu." Sikuwa na la kuongeza.

Katika hifadhi hiyo hiyo mna msitu wa Ngurdoto, na mbega, kima wa msituni. Mbega simameni mumtazame vizuri. Mweusi, na joho jeupe linaloanzia mabegani hadi kiunoni, na mkia mrefu wenye kishada. Akiruka kutoka mti hadi mti, lile joho linafunguka hewani na kumshusha taratibu. Akishatua, majani yanatikisika, kisha unamwona ameketi kimya kana kwamba hakutoka mahali. Anakula majani. Bila msitu wenye paa lililoungana anasafiri kwa taabu, kwa hiyo ukimwona mbega umeuona msitu mzima ulivyo. Mtu akikwambia Hifadhi ya Arusha haina simba, ni kweli haina. Mwambie basi: ndiyo maana hapa tunashuka kwenye gari na kutembea kwa miguu tukiwa na askari, na nchi huonekana vizuri kwa miguu.

Sasa tuelekee magharibi. Barabara ya Makuyuni hadi Mto wa Mbu mnaijua. Ukiwa bado tambarare, mbele yako unasimama ukuta wa Bonde la Ufa, yapata mita 600, na chini yake Ziwa Manyara. Nchi kuanzia Makuyuni ni kavu, mbuga ya miiba na vumbi. Halafu ghafla, kwenye geti la Manyara, unaingia kwenye msitu mzito, mikuyu mikubwa, mizabibu ya porini inaning'inia, nyani makundi kwa makundi wamekaa barabarani. Mgeni atauliza: mvua ya kuotesha miti hii inanyesha wapi? Hainyeshi hapo. Inanyesha juu, kwenye nyanda za Ngorongoro. Maji yanazama kwenye miamba ya volkano iliyo na vitundu vitundu, yanasafiri chini kwa chini, na yakifika kwenye ukuta wa Bonde la Ufa yanatokea miguuni mwake. Msitu ule unakunywa mvua ya mahali pengine. Ukisimama kando ya vijito vile, maji maangavu mno kwa nchi ya vumbi, mweleze mgeni yametoka wapi, na mwonyeshe juu.

Manyara imepata sifa kwa simba wanaopanda miti, na wapo. Lakini kuna siku hawaonekani, na nimeona vijana wa kazi yetu wakirudi wamenyong'onyea kana kwamba wamemwibia mgeni. Hamjamwibia. Kama amesikia harufu ya ule msitu asubuhi, na ameona ziwa linavyobadilika kutoka fedha hadi pinki mchana unapoendelea, amepata alichokijia.

Na Serengeti. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo tunapowakosesha wageni zaidi. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1951, ina kilomita za mraba 14,763, na dunia nzima inaijua kwa nyumbu. Nyumbu zaidi ya milioni moja, na pundamilia kwa mamia ya maelfu, wanazunguka mwaka mzima hadi Maasai Mara nchini Kenya na kurudi. Kila kampuni inauza kuvuka Mto Mara. Hakuna ubaya. Lakini niambieni, nyumbu anarudi kufanya nini kusini, kwenye zile nyika zisizo na mti hata mmoja, kila msimu wa mvua?

Jibu liko ardhini. Volkano za nyanda za Ngorongoro, na baadaye Kerimasi na Ol Doinyo Lengai, zilimwaga majivu, na upepo wa mashariki ukayapeleka magharibi yakatua juu ya nyika hizo. Mvua ikayeyusha chokaa iliyomo, ikaigandisha chini kidogo ya udongo, ikawa tabaka gumu. Mzizi wa mti haupiti hapo. Majani mafupi yanaweza. Na majani hayo yana madini ambayo mama anayenyonyesha anayahitaji. Ndiyo maana mwezi wa pili nyumbu wanazaa huko, wengi wao ndani ya wiki chache tu, na ndama anasimama kwa miguu yake dakika chache baada ya kuzaliwa. Lengai bado ni hai. Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu, na lava yake haifanani na ya volkano nyingine yoyote hai duniani: inatoka nyeusi, nyepesi kama maji ya udongo, kisha ikipata hewa na unyevu inageuka nyeupe. Ukiwa Ndutu, kwenye nyika hizo za kusini, mwezi wa pili, mahali ambapo mgeni anaona "mbuga tupu", wewe unajua kwamba ile tupu ndiyo imemleta kila kiumbe anachokiona. Umwambie. Jua linapochomoza na nyika ni ya kijani hadi mwisho wa macho, hakuna nguzo, hakuna mti, hakuna paa, kivuli cha gari lako ndicho kirefu kuliko vyote. Sijaona kwingine mahali ambapo mbingu ni kubwa namna ile.

Msiyapite yale mawe pia. Kule Moru na kwenye mawe ya Simba, miamba imechomoza katikati ya nyasi, imezeeka kuliko volkano zote nilizozitaja. Juu yake mti unashika kwenye ufa, pimbi wanaota jua, simba anapata kivuli. Moru kuna michoro ya ngao kwenye mwamba, nyekundu, nyeupe na nyeusi, iliyoachwa na Wamaasai waliokuwa wakichunga humo. Mwaka 1959, Ngorongoro ilipotengwa na Serengeti, wenyeji hao walihamishiwa upande wa Ngorongoro. Msimwambie mgeni kwamba nchi hii haikuwahi kuwa na watu. Si kweli, na mwambani pale kuna ushahidi.

Tarangire mimi ninaipenda kuliko mnavyotarajia. Ilianzishwa mwaka 1970, ina kilomita za mraba 2,850, na watu wengi wanaipitia kwa nusu siku wakiwa njiani kwenda kwingine. Nendeni kiangazi, kuanzia mwezi wa saba hadi wa kumi. Nchi yote imekauka, rangi ya kahawia na ya dhahabu, mibuyu imesimama bila jani. Kila kinyama cha eneo lile kinaufuata Mto Tarangire. Na mto wenyewe, sehemu nyingine, umebaki mchanga.

Hapo ndipo nataka mzime gari. Tembo jike anashuka kwenye mchanga ule. Haendi tu popote. Anatembeza ncha ya mkonga juu ya mchanga, anasimama, anasogea hatua mbili, anasimama tena. Kisha anaanza kupiga kwa mguu wa mbele, anarusha mchanga nyuma, anaingiza mkonga, anachota mchanga na kuutupa pembeni. Shimo linakuwa jembamba, lenye kina cha mkonga wake. Anasubiri. Maji yanajikusanya chini taratibu. Yale ya kwanza yana matope, anayanyonya na kuyamwaga nje. Anasubiri tena, na ya pili ndiyo anayokunywa. Ndama amesimama ubavuni, mkonga wake mfupi haufiki. Mama akishaondoka, utawaona pundamilia wanakuja, kisha ngiri, kisha ndege, kwenye lile lile shimo. Kuliangalia tukio hili hadi mwisho kunahitaji subira, na gari linalokimbilia simba haliwezi kuliona. Mibuyu nayo itazameni karibu: magome yaliyochunwa na pembe, mengine hadi mti umetoboka kati na bado unachanua. Mbuyu unahifadhi maji kwenye shina lake, na tembo analijua hilo.

Lakini uzuri wa Tarangire hauishii kwenye mpaka wake, na hapa ninawaomba wazazi kutoka Babati, Monduli na Simanjiro mnisikilize. Mvua zikinyesha, nyumbu na pundamilia wanatoka hifadhini, wanakwenda nyika za Simanjiro kuzaa. Wengine wanatumia ushoroba, yaani njia ya wanyama, wa Kwakuchinja kati ya Tarangire na Manyara, wanakatiza barabara kuu ya lami. Shoroba hizi zinapita kwenye ardhi ya vijiji, ardhi ya watu wanaolima na kufuga na kupata hasara tembo akiingia shambani. Mfugaji wa Simanjiro anayeiacha nyika yake bila kuilima yote anaitunza Tarangire ingawa hayumo kwenye kijitabu chochote cha watalii. Mkipita vijijini kwao, punguzeni mwendo, salimieni, nunueni kitu. Na mkimwona mgeni ananyanyua kamera kumpiga mtu picha bila ruhusa, mzuieni.

Mkomazi nitaitaja kwa haraka, kwa ajili ya watu wa Same. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2008, imepakana na Tsavo, na faru weusi na mbwa mwitu wamerudishwa humo. Milima ya Pare imesimama ubavuni, Usambara kwa mbali. Magari ni machache. Yeyote anayetaka kujifunza kutazama nchi bila kusukumwa na wenzake, aanzie huko.

Sasa Kilimanjaro, na ndugu zangu wa Moshi najua mmeisubiri. Mita 5,895. Kila mtu anaijua picha ya kileleni: ubao, bendera, midomo iliyopasuka. Mgeni anapanda siku sita au saba, na kwa wengi siku zote hizo ni usumbufu wa kufikia ile picha. Kazi yenu ni kumrudishia hizo siku.

Mlima huu unaanza kwenye kihamba, shamba la nyumbani la Mchaga. Kahawa chini ya migomba, migomba chini ya miti mirefu, na mfongo, ule mfereji wa asili, unaleta maji yaliyoelekezwa na mababu. Mgeni anayeshushwa getini bila kuonyeshwa kihamba amekosa ukurasa wa kwanza. Kisha msitu, unaopokea mvua nyingi kuliko ukanda mwingine wowote wa mlima, na mito ya Moshi inatoka humo na kuelekea Pangani. Katika bonde moja la msitu huo kuna mkukusu wenye urefu wa mita 81.5, watafiti walioutangaza mwaka 2016 walisema ndio mti mrefu kuliko yote iliyowahi kupimwa Afrika. Wapandaji wanapita mlima ule ule wakitazama viatu vyao.

Ukitoka msituni unaingia kwenye nchi ya vichaka na ukungu, kisha uwanda wa Shira, na hapo mtaukuta mmea uitwao lobelia. Piga magoti, mgeni naye apige magoti. Majani yake yamepangika duara kama bakuli, na katikati kuna maji. Usiku, baridi inapofika chini ya sifuri, majani yanajikunja na kufunga kitovu cha mmea. Maji yanaganda juu, lakini chini ya barafu hiyo nyembamba kile chipukizi hakigandi. Alfajiri ukiwahi kabla ya jua utaiona imejifunga, na ukirudi saa tatu imefunguka. Imezoea kupata kiangazi kila mchana na kipupwe kila usiku. Mgeni akishaelewa hivyo, naye ataacha kulalamika kuhusu hema.

Barafu ya kileleni lazima tuiseme kwa ukweli. Tangu mwaka 1912 imepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Mabaki ya kuta zile nyeupe na buluu bado yanaonekana ukipita kuelekea kilele cha Uhuru, yamesimama juu ya majivu makavu, na ni mazuri kiasi cha kumliza mtu. Nimewaona wagumu wetu, watu wanaobeba mizigo kwa miaka, wakisimama kuyatazama kama watu wanaomwangalia mgonjwa wao. Msifiche, msitie chumvi. Semeni ilivyo, na muonyeshe.

Na majina yetu yasemwe. Vitabu vinataja Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, mwaka 1889. Ninyi mtajeni pia Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, aliyewaongoza Wazungu katika mlima huu. Semeni habari za Luteni Alexander Nyirenda, aliyepandisha bendera na mwenge usiku wa Uhuru, mwezi Desemba mwaka 1961. Miezi michache tu kabla ya hapo, Septemba mwaka huo huo, hapa Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa tamko ambalo wahifadhi wa dunia nzima wanalijua kwa jina la mji wetu, Arusha Manifesto. Nawaombeni mlisome lote. Mwalimu hakuwataja wanyama peke yao. Aliwataja pamoja na mapori wanamoishi, na akaahidi kwamba nchi itafanya kila iwezalo ili wajukuu wa watoto wetu wafaidi urithi huo. Hao wajukuu ndio hawa wanaozaliwa sasa Sakina, Ngaramtoni, Majengo na Pasua, na wengi wao hawajawahi kuingia hifadhi yoyote.

Hapo ndipo moyo wangu ulipo zaidi ya popote. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na tumepona kweli. Ada za shule za wengi waliomo ukumbini humu zimelipwa na wageni. Lakini mwenyeji naye ana macho. Mtanzania analipa kiingilio kwa shilingi, kidogo sana ukilinganisha na dola za mgeni. Kinachomzuia mara nyingi ni usafiri, na fikra kwamba kule ni kwa wenye kofia za kaki. Daladala ya wanakikundi, Kosta ya kanisa, basi la shule, vyote vinaweza kufika Momella na kurudi siku hiyo hiyo. Wazazi, sherehe ya kipaimara au ya kumaliza darasa la saba isiishie kwenye ukumbi na keki tu. Wahitimu, mkipewa kundi la watoto wa hapa, waongozeni kwa bidii ile ile mnayompa mtu wa Ujerumani, tena zaidi, kwa sababu mtoto yule ataishi na mlima huu miaka sitini, na siku moja atakaa kwenye baraza la kijiji linaloamua msitu ukatwe au ubaki.

Nakaribia kumaliza. Mnajua kwamba wiki ijayo wale mnaobaki kwa mafunzo ya vitendo mko na mimi. Jumamosi tunaondoka chuoni saa kumi na moja na nusu alfajiri, tuwe Ngongongare geti linapofunguliwa. Kila gari litakuwa na darubini mbili, zinatosha mkipokezana. Redio koli zitazimwa hadi saa nne. Hadi muda huo sitaki kusikia jina la mnyama yeyote kwanza. Kila mmoja atasimama mbele ya wenzake na kueleza mahali tulipo: mwamba huu umetoka wapi, maji haya yanatoka wapi, mti huu umeota hapa kwa nini. Baada ya saa nne tutawatafuta mbega. Anayetaka kuleta mdogo wake au mama yake, nafasi tatu zimebaki kwenye gari la pili. Ajiandikishe kwa mwalimu wa zamu kabla ya Ijumaa mchana. Lanchi boksi kila mtu aje na yake, na sweta msisahau, Momella asubuhi kuna baridi.

Asanteni kwa kunisikiliza.